Mwaka wa Tumikate

Mwezi uliopita mdogo wangu Papy alifanya karamu ya komunyo ya kwanza ya binti yake, katika ukumbi mmoja upande wa Karavia, wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu waliovaa glavu. Aliniketisha meza ya mbele, pamoja na wakubwa wake wa kazi, akanitambulisha kwao: « Huyu ni grand frère, yeye njo mukubwa wetu, » kisha akaendelea na maongezi yake. Dada yetu Clarisse hakuja. Alituma salamu kutoka Pweto, pamoja na kifurushi cha samaki wakavu ambacho mke wa Papy alikificha jikoni haraka kwa sababu ya harufu. Supu ya nyanya ililetwa kwanza, na juu yake vipande vidogo vya mkate wa kukaanga, vya pembe nne, vyekunduvyekundu kwa mafuta. Papy alichukua kimoja kwa vidole viwili, akakigeuzageuza, akamuuliza mke wake: « Ni bintu gani hii? » Mke wake akacheka. « Croûtons, chéri. Unaishi wapi weye? » Meza nzima ikacheka, Papy akacheka nao, akakitia mdomoni na kusema kuwa ni kitamu. Mimi niliweka kijiko chini. Papy huyuhuyu alikula vipande hivyo mwaka mzima kutoka mkononi mwangu. Kuna siku alijitupa chini akalia kwa sababu Clarisse alipata kimoja zaidi yake. Simlaumu, alikuwa hajaanza hata shule. Lakini tangu siku hiyo naandika kurasa hizi, kwa mkono wa mtu aliyeacha shule mapema, kwa sababu Papy hakumbuki, na Clarisse hapendi kuongea habari hizo. Nimebaki mimi.

Habari za wazazi wetu sitaziandika hapa. Baba alikuwa amekwenda zamani, Mama alizikwa mwishoni mwa kiangazi, na hayo yanatosha. Tulikaa chumba kimoja katika parcelle, kiwanja cha wapangaji wengi, huko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, nyuma ya fundi wa nguo. Ukuta ulikuwa mwembamba, na cherehani yake ilipokwenda, vikombe vyetu vilitetemeka kabatini. Pazia la kitenge liligawanya chumba: huku kitanda cha Mama, kule mkeka wetu, sanduku la nguo na masufuria. Mbabula yetu, jiko la makaa, ilikaa nje chini ya ukingo wa bati, ili mvua isiizime. Baada ya maziko familia ilikaa upande wa kitanda, na sisi watatu tukakaa upande wa masufuria, tukisikia kila neno. Aliyesema zaidi ni Baba mukubwa Kasongo, kaka mkubwa wa baba, aliyetoka Kolwezi, na Tantine Hortense, dada yao, mfanyabiashara wa samaki huko Pweto. Waligawana kwanza kitanda, kisha kabati, kisha redio. Nilidhani wamemaliza.

« Na batoto? » Tantine aliuliza.

« Papy nitamutwala mi, » alijibu Baba mukubwa. « Bibi yangu hakuzala kijana. »

« Clarisse atakuya na mi ku Pweto. Kule kuko masista, atasoma muzuri. »

« Na Faustin? »

« Faustin iko mukubwa. Atajitafutia. »

Faustin ni mimi. Nilinyanyua pazia. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana kwetu kijana hasemi wakubwa wakisema. Nikawaambia: « Baba mukubwa, batoto habatoke hapa. » Akaniangalia kama mtu anayeangalia kuku aliyeingia kanisani. « Nani atabapikia? » « Mi. » « Weye mwanaume? » « Mi. » Tantine akapiga makofi mara moja, akacheka bila furaha. Lakini nje wanawake wa jirani walikuwa wameacha kuongea ili wasikie, na Baba mukubwa hakutaka isemwe kwamba alinyakua watoto kabla mkeka wa kilio haujakunjwa. Akatoa hukumu ya katikati. Kwa watu wetu kilio hakiishi siku ya maziko. Nguo nyeusi huvaliwa karibu mwaka mzima, kisha familia hurudi, watu wanakula na kunywa, nguo nyeusi zinavuliwa, na hapo ndipo mambo ya marehemu yanafungwa: vitu vyake, nyumba yake, watoto wake. Tunaita kutosha kilio, yaani kukiondoa. « Siku ya kutosha kilio tutakuya kuona, » alisema. « Kama batoto beko bazuri, batabakia na weye. Kama hapana, kila mutu na njia yake. » Wakaondoka na kitanda, kabati na redio. Clarisse alifagia mahali kitanda kilipokuwa, akahamishia mkeka pale.

Shuleni sikurudi, hata kuaga. Nilipata kazi ya kuosha vyombo katika nyumba moja ya wageni huko Karavia, yenye mgahawa ambao watu wa migodi na wake zao walikuja kula Jumamosi na Jumapili. Jiko lilikuwa kubwa kuliko chumba chetu mara nyingi, na mtawala wake alikuwa Papa Ngoy, mtu wa Manono, mnene, mwenye sauti ya padri. Wiki ya kwanza alinikuta nikibeba kikapu cha mikate kuelekea nyuma, kwenye pipa la taka.

« Weye, kijana, ule mukate ya jana unapeleka wapi? »

« Ku pubelle, Papa. »

« Ku pubelle! Mama yako alikuzala namna gani? » Kisha akaona shati langu jeusi, akakumbuka, akakohoa kidogo. « Leta hapa, mutoto yangu. Leta. »

Siku hiyo alinionyesha. Mkate wa leo haufai, alisema, unakunywa mafuta kama sifongo. Leta wa jana au wa juzi. Ukate vipande sawasawa, maana kisicholingana na mwenzake kitaungua au kitabaki kibichi. Uvianike kwanza vipoteze maji. Mafuta yawe ya moto lakini yasitoe moshi, na kitunguu saumu kipite ndani yake kisha kitolewe. Ugeuze bila kuchoka. Chumvi mwisho. Na juu ya yote, usivitie kwenye supu mpaka sahani iko mlangoni, inakwenda kwa mgeni. « Supu yenyewe ni mayi na nyanya, » alininong'oneza, akitazama kama mwenye nyumba hayuko karibu. « Hii njo inabarudisha bantu. » Alinipa kimoja. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Kile kipande kilivunjika kati ya meno kwa sauti, kisha mafuta na chumvi vikatoka, kisha mkate wenyewe, mtamu kidogo, kama ulikuwa umejificha ndani. Nimekula vitu vingi tangu wakati ule, na karamu kadhaa za Papy, lakini sijui chakula kingine kinachofanya kazi kubwa namna hiyo kwa kuwa kidogo namna hiyo.

Mkate wa kule Karavia sikuruhusiwa kuubeba. Mkate wetu ulitoka kwa Mama Kavira, mwanamke wa Butembo, mtu wa kusali sana, aliyekuwa na depo ya unga, sukari na mkate kwenye kona ya barabara yetu. Mume wake alikuwa na malori yaliyokwenda mpaka Pweto. Watu wa Kamalondo walipenda kumcheka kwa jinsi alivyoongea na kwa jinsi alivyofunga depo mapema Jumatano ili aende kwenye maombi, kisha wakaenda kukopa sukari kwake. Alikuwa amemjua Mama. Jioni moja aliniita.

« Faustin, kuya hapa. Hii mikate ilibakia. Kesho hakuna mutu atainunua, na mi siwezi kutupa kitu ya Mungu. »

« Nitafanya kazi gani, Mama? »

« Utashusha mifuko asubuyi, mbele ya kwenda ku kazi. Sitaki bantu baseme nilikupa bure. Bantu ba huku banapenda kuongea. »

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Asubuhi nilishusha mifuko ya unga, jioni nilirudi na mkate mgumu chini ya kwapa. Clarisse, aliyekuwa darasa la tano, ndiye aliyekata. Aliketi mlangoni baada ya shule, ubao juu ya magoti, akikata mkate kuwa fito, kisha vipande, ulimi nje kidogo pembeni ya mdomo, na mwishoni mwa mwezi wa kwanza alikata sawasawa kuliko mimi. Vipande vilianikwa kwenye ungo juu ya bati, na Papy alipewa fimbo afukuze kuku. Alifukuza kuku kwa kelele nyingi na kula vipande kwa kimya. Yeye ndiye aliyevipa jina la tumikate, mikate midogo, na jina likabaki. Tulivitia juu ya maharagwe, vikakaa pale juu kama mawe juu ya bati, vigumu kwa vijiko vya kwanza, laini kwa vya mwisho. Tulivitia kwenye mboga ya lengalenga iliyopikwa na karanga. Tulivitia kwenye mchuzi wa ndakala, wale samaki wadogo wakavu, ambao peke yao unaona macho yao tu yakikutazama kutoka kwenye maji. Jumapili, mafuta yakibaki kidogo, tulivipitisha kwenye sukari, na Papy alikwenda kuvila mbele ya watoto wa fundi, mmoja mmoja, akiwaangalia usoni.

Bukari, ugali wetu, hatukuiacha. Mtu wa Lubumbashi ambaye hajala bukari atakuambia hajala, hata kama amekula mara mbili. Lakini unga ulikuwa na siku zake, na siku ambazo donge la bukari lilikuwa dogo, tumikate vilifanya chumba kionekane kimeshiba. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nadhani ni ile sauti. Watoto wawili wakitafuna kitu kikavu wanajaza nyumba. Huwezi kukaa katikati ya sauti ile ukajiona maskini. Leo wajukuu wa jirani zangu wanakula mkate laini uliofungwa kwenye plastiki, na ukikaa siku moja wanautupa. Nikiwaambia wausaze wanadhani nawafundisha ubahili. Siwafundishi ubahili. Mkate wa jana ni kitu kingine, kama vile muhogo mkavu si muhogo mbichi, na anayeutupa ametupa chakula ambacho bado hakijapikwa.

Wanawake wa parcelle waliongea, bila shaka. Bomba la maji lilikuwa karibu na ukuta wetu, na walioteka maji hawakuwa na habari ya ukuta mwembamba, au walikuwa nayo.

« Ule Faustin iko anafunga tablier kama mwanamuke. »

« Acha. Bwana yangu hayue hata kuwasha mbabula. Ananiita nikuye kumutolea chungu, na mi niko mu soko! »

« Basi umuchukue Faustin. »

« Na bale batoto bawili? Wapi! Nimutwale na bale bote? »

Wakacheka, na mimi ndani nikacheka pia, aproni kiunoni, nikigeuza vipande kwenye mafuta. Clarisse alinuna. « Yaya, » aliniambia, maana ndivyo tunavyoita kaka mkubwa, « uko nacheka nini? Beko banakutukana. » Nikamwambia wanaosikia harufu hii na hawaalikwi lazima watukane. Kesho yake mmoja wao alikuja na mkate wake mkavu mkononi, akisema mtoto wake anataka ajue namna ya kutengeneza. Clarisse alimfundisha, kwa sura ya mwalimu mkuu.

Mwaka ukapita namna hiyo, na mvua zikarudi. Papy alinenepa mashavu. Clarisse alileta karatasi ya shule yenye pongezi ya mwalimu wake, tukaibandika ukutani mahali kabati lilipokuwa. Nilipopata habari kwamba familia inakuja kutosha kilio, sikuogopa. Hii ndiyo sehemu ngumu kwangu kuiandika: nilikuwa na furaha. Nilitaka wafike. Nilitaka waone ukuta, na mashavu, na masufuria yanayong'aa. Mama Kavira alitukopesha turubai, parokia ikatupa viti, na wanawake wa bomba walileta munkoyo kwenye ndoo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, chenye uchachu mzuri. Nilinunua samaki, nikapika matamba, majani ya muhogo, tangu asubuhi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha na makaa yalikuwa na unyevu. Sufuria kubwa ya bukari ilikaa juu ya mbabula na maji yalikataa kuchemka. Wageni walikwisha fika, wamechoka na njia, wamekaa chini ya turubai mikono mitupu. Nikakumbuka Karavia. Pale chakula kikichelewa, Papa Ngoy alitoa supu, na hakuna mgeni aliyeondoka na hasira. Nilikuwa na mchuzi mwekundu wa nyanya na ndakala. Clarisse alikuwa na ungo mzima wa vipande, alivyovikata tangu juzi kwa ajili ya siku hiyo. Nikakaanga vizuri kuliko siku zote. Nikatuma sahani moja moja, vipande vikiwekwa mlangoni, kama nilivyofundishwa. Ya kwanza kwa Baba mukubwa, ya pili kwa Tantine Hortense.

Tantine aliinua kipande kwenye kijiko, hakukila.

« Faustin, hii ni nini? »

« Ni supu, Tantine. Bukari iko inakuya. »

« Supu naona. Mi nauliza hii ya juu. »

« Ni mukate ya kukaranga. »

Aliweka sahani chini, ardhini, karibu na kiatu chake. « Mukate, » alisema, na sauti yake haikuwa kwangu tena bali kwa turubai nzima. « Leo tuko tunatosha kilio, na yeye anatupatia mukate. Mukate ni chakula ya kilio! Hapa, mu hii parcelle, tulikula mukate na chai wakati maiti ilikuwa mu nyumba. Sasa anaita maiti ingine? Anaita nani kati yetu? »

Ni kweli kwamba katika kilio chochote cha Lubumbashi watu wanaokesha hupewa mkate na chai. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa sababu hiyo mkate haupaswi kuonekana siku ya kukitosha. Watu waliokuwa wameanza kula waliacha vijiko. Baba mukubwa alikuwa amekula vipande kadhaa. Nilimwona akimeza haraka.

« Ulitosha wapi hii mukate? » aliniuliza.

« Kwa Mama Kavira. Ile inabakia. »

« Inabakia. »

Na hapo Papy, aliyekuwa kati ya viti na sahani yake mwenyewe, mdomo umejaa, akasema kwa furaha ya mtu anayejua jibu darasani: « Ni tumikate! Tunakulaka kila siku! »

Kuna waliocheka. « Kila siku, » alisema Baba mukubwa, polepole. « Batoto ya ndugu yangu banakula mabaki ya mugeni kila siku. »

Clarisse alisimama. Alikuwa bado na nguo nyeusi, maana zilikuwa hazijavuliwa. Alikuja katikati ya wakubwa, akainama, akaokota sahani iliyokuwa karibu na kiatu cha Tantine, akaipangusa chini kwa kiganja, akaiinua mpaka usoni pa Tantine. « Haiko mabaki, » alisema. « Mi njo nakataka. Onja, Tantine. Haukuonja. Onja mbele ya kusema. » Supu ikamwagika kidogo kwenye kitenge kipya cha Tantine. Tantine hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Alisema kwa utulivu: « Munaona. Mutoto mwanamuke anasimama mbele ya bakubwa, anabalisha kwa nguvu. Nani anamufunza? Huyu wa tablier? »

Mama Kavira alijaribu. Alisimama nyuma, karibu na lango, akaomba msamaha kwanza kama watu wa kwao wanavyofanya. « Baba, munisamehe niongee. Huyu kijana sijaona mufano yake. Angalia mashavu ya huyu mutoto. Angalia karatasi ya masomo ya dada yake mu nyumba. » Tantine hakugeuka hata kumwangalia. « Mama, weye ni mugeni. Weye njo unabapatia mikate ya kutupa, sasa unataka tukushukuru? » Mama Kavira akakaa. Nilipiga magoti. Nilitaka kusema mambo mengi, mwaka mzima wa mambo, lakini kilichonitoka mdomoni ni hiki tu: « Baba mukubwa, ngojeni bukari. Bukari iko karibu. »

Walingoja. Ilipofika, neno lilikuwa limekwisha katwa, Papy Kolwezi na Clarisse Pweto, na waliila yote, na matamba, na samaki, wakanawa mikono, wakavua nguo nyeusi, wakaimba. Tangu wakati ule nimewauliza wazee wengi juu ya mkate siku ya kutosha kilio. Wengine wanasema ndiyo, ni mwiko. Wengine wanacheka. Mzee mmoja wa Pweto kabisa, wa ukoo wa baba, aliniambia hajawahi kuusikia, na kwamba kwao mkate wenyewe umefika juzi tu na malori, mwiko wake ungezaliwa lini? Kuna watu hapa Kamalondo ambao mpaka leo wananihurumia kwa kosa nililofanya. Sikufanya kosa. Niliwapa wageni kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo. Hata leo mgeni akiingia kwangu anaanza na supu, na juu yake vipande vya mkate, na asiyependa aweke sahani chini.

Papy aliondoka wiki hiyohiyo na basi la Kolwezi, amevaa viatu vipya, akinipungia mkono kwa sababu alidhani anakwenda kutembea. Clarisse aliondoka na lori la mume wa Mama Kavira, juu ya mizigo, kando ya Tantine. Hakulia. Aliniuliza kama nitakula vizuri. Nikasema ndiyo. Jioni nilikaa mlangoni na ubao juu ya magoti, mkate mbele yangu, na sikujua nikate kiasi gani.

Nilikwenda Pweto kiangazi kilichofuata, mara tu Papa Ngoy aliponipa ruhusa. Nilipanda lori lilelile, limejaa mifuko ya unga, na juu kabisa makreti ya mkate yaliyofungwa kwa kamba. Njia ile inachosha mifupa. Vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Tulipofika, nilishika mkate mmoja kwenye kreti: ulikuwa mgumu kama tofali. Watu wa Pweto, nikafahamu, hawajui mkate laini. Mkate wao unafika umekwisha kuwa wa jana. Nikashuka kuelekea ziwani, mahali mitumbwi inapoegeshwa na madereva wanapopumzika, nikauliza kwa Tantine Hortense. Walinionyesha malewa, kibanda cha chakula, chenye mabenchi mawili na watu wengi kuliko mabenchi. Ilikuwa asubuhi, saa ambapo wasichana wa masista wako darasani. Nilikuwa nimepita shule yao nikawasikia wakisoma kwa sauti moja. Clarisse alikuwa nyuma ya kibanda, juu ya kiti kifupi, ubao juu ya magoti, lundo la mkate kushoto na beseni kulia. Alikuwa amekonda na kurefuka. Alinitazama, akatazama mlango wa kibanda, kisha akaendelea kukata.

« Faustin! » Tantine alitoka akifuta mikono, na furaha yake ilikuwa ya kweli, sitasema uongo. « Yoo, mutoto ya kaka! Ukuye, ukae hapa. Bampatie sahani! » Nikawekewa supu ya samaki, nyekundu, yenye mafuta juu, na juu ya mafuta vipande vya mkate, vya pembe nne, vinavyolingana kama vimepimwa. « Kula. Bashoferi banapenda sana hii. Benye kutoka Kasenga banasimama hapa sababu ya hii tu. »

Sikukiinua kijiko. « Tantine, kumbe mukate haiko tena ya kilio? »

Alicheka, akanipiga begani. « Aah, Faustin. Ile ilikuwa mambo ya siku ile. Hii ni biashara. »

Madereva wawili walikuwa wakitafuna karibu nami, na sauti ilikuwa ileile ya chumba chetu. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, maneno ya heshima, ya kuomba, yenye jina la baba ndani yake. Yote yalinitoka. « Basi nirudishie mutoto, » nikasema. « Kama ni mukate njo ilinikosesha batoto, na weye uko unaiuzisha, basi nirudishie Clarisse. Tunarudi na hii lori. »

Tantine aliacha kucheka. Hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao mtupu, kama mtu aliyeombwa sufuria yake ingali motoni.

« Na nani atanikatia mikate? » akauliza.

Nyuma ya kibanda kisu kilisimama. Nilingoja Clarisse aseme kitu, na nadhani Tantine pia alingoja. Kisha kisu kikaendelea, na sauti ya Clarisse ikaja kutoka nyuma ya mbao, ya upole, ya mtu mzima.

« Kula mbio, Yaya. Ikilowana haiko tena muzuri. »

Nikala.